Juu ya Kutabiri Msimu Ujao

Katika nchi ya Marekani, ambako vyuo vikuu hushindana kwa mchezo uitwao mpira wa miguu ijapokuwa sehemu yake kubwa huchezwa kwa mikono, ipo desturi moja ambayo mtu apendaye kufikiri hawezi kuipita bila ya kusimama na kuitazama. Msimu wa mchezo huo huisha mwezi wa Januari. Bingwa hupewa kombe lake usiku, mbele ya halaiki ya watu. Na kabla jasho halijawakauka wachezaji, waandishi wa habari za michezo huwa wamekwisha kutoa orodha ya timu ishirini na tano zitakazokuwa bora katika msimu unaofuata, msimu ambao hautaanza mpaka mwisho wa Agosti. Waandishi wenyewe huikiri haraka yao kwa kicheko, wakasema kwamba orodha imetoka mapema kupita kiasi, kisha wakaitoa vivyo hivyo. Tarehe 20 Januari 2025, mjini Atlanta, Ohio State waliwashinda Notre Dame kwa 34 dhidi ya 23, na mshindi wa mwaka mwingine alikuwa akitafutwa hata kabla ya taka za sherehe kufagiwa.

Sisi wakazi wa Mugunga, mtaa ulioko magharibi mwa Goma kandokando ya barabara iendayo Sake, siku zile tunazikumbuka kwa jambo jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari, juma moja baada ya fainali ya Atlanta, wapiganaji wa M23 waliingia mjini; siku chache baadaye Stade de l'Unité, uwanja ambao kila kijana wetu hutamani kuuchezea walau mara moja katika umri wake, ulikusanyiwa askari waliosalimisha silaha, wakapakiwa katika malori na kupelekwa Rumangabo; na tarehe 6 Februari uwanja ule ule ulijaa watu waliokwenda kusikiliza hotuba za watawala wapya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Goma, wa ULPGL, wa ISIG na wa ISP, ambao hushindana kitivo kwa kitivo na chuo kwa chuo kwa mpira unaochezwa kwa miguu hasa, walikuwa wametawanyika, wengine ng'ambo ya mpaka Gisenyi, wengine vijijini kwa wazee wao, wengine chini ya vitanda vyao. Basi swali langu ni hili: je, inajuzu kwa mwanadamu kusema neno juu ya msimu usiokuwapo bado, na ikiwa inajuzu, ni kitu gani hasa anachokisema yule anayetabiri?

Wako watu wa dini, wa misikitini na wa makanisani, ambao hulijibu swali hili kwa kauli fupi, kwamba mambo ya ghaibu ni ya Mungu peke yake, na mja ayaache. Hoja yao haikosi nguvu. Mwishoni mwa Sura ya Luqman yametajwa mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na miongoni mwake ni hilo chumo la kesho ambalo hakuna nafsi ilijuayo. Naye Yakobo, katika waraka wake, huwakemea wafanyabiashara wanaopanga safari ya mji fulani, na makazi ya mwaka mzima huko, na faida watakayoipata, ilhali maisha yao wenyewe hawana dhamana nayo. Lakini mtu akiyasoma mafundisho hayo mawili kwa utulivu, ataona kwamba hayakukataza safari wala chumo. Yakobo hakuwaambia wafanyabiashara wakae majumbani. Aliwataka waitie kauli yao sharti. Hali kadhalika Sura ya Kahf, inapofundisha kwamba mtu asiseme juu ya jambo lolote kuwa atalifanya kesho ila kwa kulifungamanisha na matakwa ya Mungu, haikumfunga mtu kinywa asiitaje kesho, bali ilimwonyesha namna ya kuitaja. Dini zote mbili zimeuacha mlango wazi, zikaweka bawabu.

Asiyepewa ruhusa na bawabu huyo ni kahini. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alijishughulisha sana na wapiga ramli wa zama zake, wale wachorao mistari na nukta mchangani, akaonyesha kwamba kazi yao haina burhani yoyote na kwamba wengi wao waliishika kwa kutafuta riziki tu. Mpira wa kwetu haukusalimika na watu wa aina hiyo. Kule Dar es Salaam mashabiki wa Simba na Yanga huitaja kamati ya ufundi kwa tabasamu, na kila asikiaye hujua kwamba ufundi unaosemwa si wa kupiga mpira. Katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini tabasamu hilo lilikatika tarehe 14 Septemba 2008, mjini Butembo, pale kipa wa timu moja aliposhukiwa kufanya uchawi katikati ya mchezo, pakazuka ghasia, na watu zaidi ya kumi, wengi wao vijana wadogo waliokwenda kutazama mpira tu, wakafa katika msongamano. Sidhani kwamba kosa la kahini ni kujidai anajua kesho, maana kosa hilo hata daktari hulifanya mara nyingine na tunamsamehe. Kosa lake ni kwamba hataki kuijua kesho bali kuimiliki, na palipo na anayedhaniwa kuimiliki kesho, mwenziwe aliyeshindwa huona ameibiwa, akaokota jiwe.

Mwandishi wa michezo hapigi ramli. Yeye huhesabu nani amebaki na nani amekwenda, kocha ni yule yule au ni mgeni, mechi ngapi zitachezwa nyumbani na ngapi ugenini. Kisha hutoa dhana, na dhana katika istilahi za wanazuoni si yakini, wala si upuuzi, bali ni daraja baina ya hizo mbili. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto, akasema kwamba macho yetu huona kuungua kukifuatana na kukutana kwa vitu hivyo viwili, lakini hayauoni ulazima uliovifunga pamoja. Tunachokiona ni ada ya Mungu, na mwenye ada anaweza kuiacha siku atakayo. Wapo wanaomsoma Ghazali kama mtu aliyeibomoa elimu ya sababu. Mimi humsoma kama mtu aliyempa mtabiri hati ya kazi yake, kwa kuwa anayejua kwamba ameegemea ada, wala hakuegemea ulazima, ataweza kutabiri pasipo kiburi na kukosea pasipo fedheha. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, ada yote ilikuwa upande wa Internacional ya Brazil, maana hapakuwa pametokea bado klabu ya Afrika iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. TP Mazembe ya Lubumbashi ikashinda kwa mabao mawili bila jibu, na kipa Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka uwanjani amekaa kitako, kama ilivyokuwa mazoea yake, mbele ya watu wa mataifa wasiojua wacheke au wapige makofi. Wale waliotabiri kinyume hawakusema uongo. Waliisoma ada sawasawa, nayo siku ile ilivunjika.

Suala la ukweli na uongo wa utabiri lina asili ya kale zaidi. Aristotle aliuliza hivi: mtu akisema leo kwamba kesho kutapiganwa vita vya baharini, je, kauli yake ni kweli sasa hivi, au ni uongo sasa hivi? Ikiwa ni kweli tangu leo, basi vita haviepukiki, na mashauri yote ya majemadari ni bure. Ikiwa ni uongo tangu leo, basi haviwezekani, na mashauri ni bure vilevile. Akatoka katika mtego huo kwa kusema kwamba ni lazima vita viwepo au visiwepo, lakini hakuna mojawapo kati ya hayo mawili lililo lazima kwa nafsi yake kabla ya wakati; na al-Farabi, alipokifafanua kwa Kiarabu kitabu chenye swali hilo, alihangaika sana kuipatanisha hoja hiyo na elimu ya Mungu, ambaye yajayo mbele yake si giza. Sitaki kuyarudia mahangaiko hayo hapa. Nataka tu kuonyesha jambo moja ambalo Aristotle hakulihitaji. Katika mfano wake bahari ipo, merikebu zimekwisha kuundwa, mabaharia wako ndani yake, na kinachongojewa ni amri. Mtabiri wa msimu wa chuo hana bahati hiyo, kwa sababu timu anayoisemea haipo.

Haya si maneno ya kuchezea mantiki. Timu ya chuo, tofauti na klabu ya kulipwa, imejengwa juu ya watu ambao ni wajibu wao kuondoka. Mwanafunzi wa Marekani hupewa kwa kawaida misimu minne ya kucheza, na siku hizi aweza kuhamia chuo kingine kila akiona maslahi; kwetu Kongo, zamani mtu aliweza kukaa miaka mitano ya graduat na licence, akawa mzee wa ekipe anayejua kila jiwe la uwanja, lakini tangu mfumo wa LMD ulipoingia vyuoni, katika mwaka wa masomo 2021–2022, licence huchukuliwa kwa miaka mitatu, na kijana anapoanza kuujua uwanja tayari anaandika kazi yake ya mwisho. Kwa hiyo anayesema mwezi wa Januari kwamba chuo fulani kitakuwa cha kwanza hasemi juu ya watu, maana watu wale wamekwenda na wenzao hawajafika. Anasema juu ya jina.

Na jina halichezi. Florida State walishinda mechi zao zote kumi na tatu za mwaka 2023 kabla ya ile ya Orange Bowl. Waandishi wanaopigia kura orodha ya Associated Press, orodha iliyoanza mwaka 1936, wakawaweka wa kumi kabla ya msimu wa 2024. Nao wakasafiri mpaka Dublin, nchini Ireland, wakafungwa na Georgia Tech kwa 24 dhidi ya 21 tarehe 24 Agosti, na hadi mwisho wa msimu walikuwa wameshinda mechi mbili na kushindwa kumi. Mwaka uliofuata Texas waliwekwa wa kwanza kabla ya msimu, heshima ambayo chuo hicho hakikuwa kimepata kuiona katika historia yake yote, na heshima hiyo ilidumu mpaka tarehe 30 Agosti 2025, Ohio State walipowafunga 14 kwa 7 katika mechi ya ufunguzi. Watu waliwacheka waandishi. Lakini waandishi walikuwa wamefanya lile ambalo sote tunalifanya, yaani walizichukua sifa za watu waliokuwa wamevaa jezi, wakazivika jezi yenyewe, wakasahau kwamba jezi hubaki katika sanduku pamoja na jina lake wakati mvaaji amekwisha kupanda gari.

Mimi niliye mkazi wa Mugunga sina haki ya kuwacheka, kwa sababu hata mahali hapa pamesemwa kwa jina lake miaka mingi na watu wasiojua nani amo ndani ya jina hilo. Mwezi wa Julai 1994 Wanyarwanda wasiopungua laki kadhaa walivuka mpaka kwa siku chache tu, kipindupindu kikawamaliza kwa maelfu juu ya mawe haya meusi ya volkano yasiyochimbika hata kaburi, na jina la Mugunga likaanza kusomwa katika miji ambayo haikupata kulisikia. Mwaka 1996, kambi nyingine za wakimbizi hao zilipovunjwa kwa vita, waliobaki walisongamana hapa, na mataifa yakatabiri kwamba watakaa, tena watakufa kwa njaa pasipo jeshi la kuwafikia. Tarehe 15 Novemba 1996 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1080 la kuruhusu jeshi la mataifa mengi, chini ya uongozi wa Canada. Na siku ile ile, wakati wino wa azimio haujakauka, mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamejitwika mizigo yao wakirudi Rwanda kwa miguu, safu isiyo na mwanzo wala mwisho ikipita kandokando ya ziwa. Wengine walikimbilia magharibi, misituni, ambako wengi walikufa, na hao hawakuwamo katika utabiri wa mtu yeyote. Jeshi lililotabiriwa halikufika kamwe kwa kazi iliyokusudiwa. Baadaye jina likajazwa watu wengine, safari hii Wakongo wenyewe, waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Wakaja, wakarudi, wakaja tena. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaziangukia kambi za Mugunga na Lac Vert yakaua wanawake na watoto. Na Februari 2025 kambi zikaondolewa, plastiki na miti ikabebwa, na uwanda ukabaki. Mgeni akiniuliza Mugunga pakoje, humuuliza kwanza anasema Mugunga ya mwaka gani.

Pengine msomaji ataona nimeutoka mpira nikaingia katika msiba. Sikutoka. Namna ya kufikiri ni moja, yaani kuchukua dalili zilizopita na kuzipeleka mbele juu ya mgongo wa jina, na tofauti iko katika gharama ya kukosea tu. Tunao mlima wa kutufundisha hesabu hiyo. Nyiragongo ulipopasuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma, ikala sehemu kubwa ya mji, ikawaacha zaidi ya watu laki moja bila makao; na kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kikazidi kutegemewa na watu kama sikio lao chini ya ardhi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulimwaga moto wake jioni, na wataalamu, ambao msaada wa kifedha wa Benki ya Dunia ulikuwa umewakatikia mwaka uliotangulia na mitambo yao kukaa miezi bila mtandao, hawakuweza kutoa onyo kwa wakati. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliwaamuru wakazi wa mitaa kumi waondoke, kwa kuhofiwa mlipuko wa pili ardhini au hata chini ya ziwa. Maelfu kwa maelfu walipita hapa Mugunga wakielekea Sake, magodoro vichwani, chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukumwa kwa mkono, zimejaa masufuria na watoto. Mlipuko wa pili haukuja. Wengi walikasirika, wakasema wamehangaishwa bure, walilala nje na kunywa maji machafu kwa utabiri ulioanguka.

Hasira yao naielewa, ila siikubali. Mtabiri wa mlima akinyamaza mlima ukasema, watu hufa. Akisema mlima ukanyamaza, watu huchoka. Kosa la kwanza na kosa la pili hayana uzito mmoja, na mwenye insafu hawezi kuyapima kwa mizani moja. Tena yapo mahali petu mambo ambayo hayatoi hata dalili ya kupeleka mbele: mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi itokayo ardhini katika mabonde madogo ya Mugunga na Bulengo, ambayo humkuta mbuzi alfajiri amelala na asiamke, na mara nyingine mtoto. Kwa hiyo wataalamu wa volkano wanadaiwa na umma uangalifu ambao mwandishi wa michezo hadaiwi. Mwandishi wa michezo amepewa uhuru wa kukosea kwa sababu kosa lake halimwamshi mtu usiku. Akiwaweka Texas wa kwanza na wakafungwa, hakuna aliyebeba godoro.

Isipokuwa mcheza kamari, na juu yake nitasema machache. Tangu vibanda vya kubashiri matokeo vilipoingia katika miji yetu, utabiri uliokuwa mazungumzo umekuwa mtaji, na kijana aliyekuwa akisema timu fulani itashinda kwa kuipenda sasa husema hivyo kwa kuwa ameweka ada ya shule ya mdogo wake. Sheria ya Kiislamu ilikataza maisiri hata kabla ya kuwako mpira. Wachungaji nao hukemea kila Jumapili. Sina la kuongeza ila kwamba kamari huondoa katika utabiri kitu kile kile kilichoufanya uwe halali, yaani wepesi wake.

Sasa narudi kwenye lile nililoliona kuwa kiini cha jambo, nalo lilinijia kwa kuwasikiliza vijana wawili njiani, kabla Februari ile ya 2025 haijaisha, mmoja amekaa juu ya chukudu isiyo na mzigo na mwingine amesimama, wakibishana kitivo kipi kitachukua kombe katika mashindano yajayo. Benki zilikuwa zimefungwa. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyejua kama mihadhara itaendelea, wala nani atatia sahihi kwenye hati za mitihani. Na wao walibishana, kwa ghadhabu hasa, kama Uchumi wanaye mshambuliaji wa kuwapita Udaktari. Nilisimama nikasikiliza, nikagundua kwamba kila mmoja wao alikuwa akisema maneno mawili kwa wakati mmoja: la kwanza, kwa sauti kubwa, kwamba timu yake itashinda, la pili, kwa ukimya kabisa, kwamba msimu utakuwapo. Neno la kwanza ndilo waliloligombania, na neno la pili walikubaliana bila kujua.

Huko Marekani neno la pili halina uzito, kwa kuwa halina shaka. Msimu utaanza Agosti kama vile jua litakavyotoka, na mtabiri hutumia akili yake yote juu ya nani wa kwanza na nani wa ishirini na tano. Kwetu mambo yamegeuka. Ligi kuu ya Kongo, Linafoot, ilisimamishwa mwaka 2020 kwa maradhi ya Korona, Mazembe wakatangazwa mabingwa pasipo kumaliza mechi. Na msimu wa 2022–2023 haukufika mwisho, hata bingwa hakupatikana. Mtu aliyetabiri mshindi wa msimu ule, hata angekuwa na elimu ya al-Farabi na jicho la kocha, hakukosea wala hakupatia, kwa sababu vita vya baharini vya Aristotle havikupiganwa wala havikuepukwa, bali bahari yenyewe iliondolewa. Kwa hiyo naona kwamba tunapotia neno inshallah baada ya utabiri wetu, mara nyingi tunalitia mahali pasipostahili. Twasema fulani atashinda, inshallah, kana kwamba Mungu ana haja ya kuchagua baina ya Uchumi na Udaktari. Sharti alilolitaka Yakobo halikuhusu faida ya wafanyabiashara tu. Lilihusu kwanza kama wataishi. Mahali pa inshallah ni pale kwenye msimu, kwenye kuwapo kwa uwanja na filimbi na watu ishirini na wawili. Ubingwa hufuata nyuma, na katika huo mtu aweza kutumia akili yake mwenyewe bila kumsumbua Mola.

Atakayesema kwamba hiyo ni ghururi, kwamba vijana wale walikuwa wakijidanganya ili wasiuone wakati wao, namjibu kwamba ghururi ni kuamini bila kujua kwamba waweza kukosa. Vijana wa Mugunga wanajua. Wengi wao wamezaliwa katika msimu uliovunjika, wakasoma katika mwaka wa masomo uliokatwa vipande, na hakuna mtu wa Ohio anayeijua ada ya kuvunjika kwa ada kuliko wao. Wanapobishana juu ya mwaka ujao wanaweka tawakali iliyo ngumu kuliko ile ya mtu aketiye kwa amani na kumwachia Mungu mambo ambayo tayari yamekwisha kupangwa vizuri. Sisemi kwamba tawakali hiyo italipwa. Nasema kwamba ndiyo sehemu ya utabiri wao iliyo na thamani, na kwamba jina la timu, lile ambalo nililisema vibaya hapo juu kwa kuwa halichezi, lina kazi yake hapa: ni kitu ambacho waliotawanyika wanaweza kukirudia wakajua wamefika.

Vijana wale walipomaliza kelele zao waliniona nimesimama. «Papa, wewe unasema nani?» akauliza yule wa chukudu, na kwa kuwa mtu hawezi kuandika juu ya utabiri akakwepa kutabiri, nilimjibu, na jibu nalirudia hapa. Uchumi wana mshambuliaji mzuri, lakini yuko mwaka wa mwisho na ana kaka Kampala. Udaktari wana wachezaji wengi na muda mchache, na atakayeanza mazoezi ya hospitali hatauona uwanja tena. Mimi nasema Kilimo: mabeki wao watatu wako mwaka wa kwanza, wamezoea kucheza juu ya mawe, na kipa wao ni mtoto wa hapa hapa, asiye na ndugu mahali pengine pa kumkimbilia, kwa hiyo, msimu ukiwapo, inshallah, atakuwapo golini.